Kunukuu Ujumbe wa Awali katika Majibu ya Baruapepe: Kutoka Uteuzi hadi Mrundiko

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, kauli inayojibiwa haihitaji kurudiwa, kwa kuwa ingali masikioni mwa wasemaji. Katika maandishi, muda hupita kati ya ujumbe na jibu lake, na mwandishi hulazimika kumkumbusha msomaji jambo linalojibiwa. Makala haya yanafuatilia jinsi tatizo hilo lilivyoshughulikiwa katika baruapepe, na yanadai kwamba mabadiliko ya kaida za kunukuu yalibadilisha pia dhima ya nukuu yenyewe.

Utanzu wa barua ulikuwa na jawabu lake la awali. Katika nyaraka za Waswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, mwandishi aghalabu hukiri kwanza kwamba waraka umewasili na yaliyomo ameyafahamu, kisha hulitaja kwa maneno yake jambo analolijibu. Huo ni usemi wa taarifa. Kuunakili waraka mzima kwa mkono kungekuwa kazi kubwa isiyo na faida.

Kompyuta iliiondoa gharama hiyo, lakini haikuondoa haja ya kukumbushana. Katika Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa Marekani mwaka 1979, ujumbe ulisambazwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na jibu liliweza kumfikia msomaji kabla ya ujumbe uliolizaa. Katika mazingira hayo ilistawi desturi ya kutanguliza alama ">" katika kila mstari ulionukuliwa. Alama mbili ziliashiria nukuu ndani ya nukuu. Kiisimu, alama hiyo hutekeleza kazi ya "alisema kwamba", ila haigusi nafsi wala njeo za vitenzi vya msemaji wa kwanza.

Urahisi wa kunakili ulizaa wingi. Baadhi ya programu za Usenet zilikataa jibu ambalo mistari yake ya nukuu ilizidi mistari mipya. Mnamo Oktoba 1995, hati ya RFC 1855 iliyoandikwa na Sally Hambridge ilishauri kwamba anayejibu afupishe ujumbe wa awali mwanzoni, au anukuu kiasi kinachotosha kuonyesha muktadha. Nukuu ilikuwa tendo la uteuzi: mjibuji alikata kifungu, akaandika jibu chini yake, na kwa kufanya hivyo akadhihirisha alivyokielewa.

Programu za ofisini, hasa Outlook ya Microsoft, zilieneza mpangilio mwingine: jibu juu, ujumbe wote wa awali chini. Gmail, iliyozinduliwa mwaka 2004, ilikusanya majibu katika mfululizo mmoja na kuificha nukuu. Nukuu sasa ikawa jalada linalojikusanya lenyewe, bila mwandishi kuamua chochote.

Kila kaida ina gharama yake. Uteuzi humpa mjibuji uwezo wa kupotosha kauli ya mwenzake kwa kuikata. Mrundiko huhifadhi ushahidi, lakini huficha ni kauli ipi inayojibiwa, na huweza kuyafikisha maneno ya siri kwa mtu ambaye hakuandikiwa. Kwa mtafiti wa Kiswahili anayeunda kongoo ya baruapepe, suala hili ni la kimsingi: asipozitenga nukuu, sentensi moja itahesabiwa mara nyingi, tena kwa jina la mtu asiyeiandika. Historia ya kaida hizi ni sehemu ya uhakiki wa matini zenyewe.