Wasichana waliorudisha polisi darasani

Kuna mtu ameandika ati polisi hushindwa na kesi za watoto juu ya mshahara mdogo. Zii. Wacha nikupe stori ya Meru kwanza.

Sheria kali tunayo tangu 2006. Ukinajisi mtoto wa miaka 11 au chini, Sheria ya Makosa ya Kingono inakupa kifungo cha maisha. Kwa karatasi iko fiti. Lakini Meru wasichana walikuwa wakifika kituoni wanaambiwa walete mashahidi. Shahidi gani sasa, na haya mambo hufanyika mlango ukiwa umefungwa? Wengine waliulizwa maswali ya kuwadhalilisha, na faili zikalala.

Mwaka 2012 wasichana kadhaa waliohifadhiwa na Ripples International wakaenda Mahakama Kuu. Na hapa ndipo huwa nashangaa ujasiri wao: walishtaki polisi wenyewe. Kesi inajulikana kama ya wasichana 160. Tarehe 27 Mei 2013 Jaji Makau akaamua kwamba polisi walikosa kuchunguza haraka na kitaalamu, na hivyo wakavunja haki za watoto hao. Kumbe kifungu cha 244 cha Katiba kinataka polisi wafunzwe kwa kiwango cha juu kabisa na waheshimu utu wa watu. Sio hisani.

Baada ya hapo mafunzo yakaanza, hata maafisa kutoka Vancouver, Canada, wakaja kufunza wenzao. Kazi yenyewe ni vitu vidogo vidogo. Mtoto ahojiwe faraghani. Asirudishwe kueleza kitu kile kile kwa watu watano. Nguo ziwekwe kwa mfuko wa karatasi, kwa sababu plastiki hushika unyevu na ushahidi unaoza.

Mimi 2016, nikiwa form two, nilisindikiza mama mmoja wa ploti yetu hadi kituo ambacho sitakitaja. Mtoto wake alikuwa na miaka 9. Afisa alimuuliza pale pale kaunta, watu wakiwa kwa foleni, alikuwa amevaa nini. Mtoto akanyamaza, na siku hiyo hakuongea tena. Miaka mitatu baada ya uamuzi wa Meru!

Siku hizi unyonyaji unaanzia kwa simu, mtu mzima anamwomba mtoto picha usiku. DCI ina kitengo maalum cha kulinda watoto, sawa, na namba 116 ni ya bure. Lakini mama wa ploti akipata hizo meseji, kwanza ataenda kaunta ile ile. Na anayekaa hapo kesho asubuhi amefunzwa na nani?