Haki ya Kusimama: Chimbuko la Kanuni za Maegesho Mjini

Kuegesha, neno ambalo leo hutumika zaidi kwa magari, ni neno la mabaharia: chombo huegeshwa kwa kusogezwa gatini, kikashusha au kupakia shehena, kisha kikaondoka ili kupisha kingine. Wazo hilo la kukaa kwa muda na kupisha ndilo kiini cha kanuni za maegesho mijini, nazo ni za kale kuliko gari la mota lenyewe. Mwaka 1812, katika shauri la mmiliki wa magari ya farasi yaliyokuwa yakisimama Charing Cross, London, yakingojea abiria, Jaji Mkuu Lord Ellenborough alishikilia kwamba gari lina haki ya kushusha na kupakia watu barabarani kwa muda wa kiasi, bali mwenyewe hana ruhusa ya kuigeuza njia ya umma kuwa uwanja wake wa kungojea wateja. Kwa msimamo huo barabara ni ya kupita, na kusimama ni jambo linalovumiliwa kwa kadiri ya haja tu.

Uvumilivu huo ulielemewa magari yalipokuwa mengi. Katika Oklahoma City, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930, wafanyakazi wa katikati ya mji waliegesha asubuhi mbele ya maduka na kuyaacha magari yao hapo hadi jioni, hata mnunuzi aliyekuja kwa haja ya nusu saa akakosa mahali. Carl C. Magee, mwanahabari aliyeongoza kamati ya wafanyabiashara iliyoshughulikia msongamano, alitafuta chombo kitakachopima muda bila kumhitaji askari kusimama karibu, na kazi ya kukiunda ikafanywa na Holger Thuesen, mwalimu wa uhandisi, pamoja na Gerald Hale aliyekuwa mwanafunzi wake. Mita za kwanza, yaani saa zilizowekwa juu ya nguzo kando ya barabara, zilianza kazi tarehe 16 Julai 1935. Dereva alitumbukiza sarafu ya senti 5 na kuzungusha mpini uliokaza springi ndani. Springi hiyo ilipokuwa ikilegea, mshale ulisogea polepole, na muda ulipokwisha kibendera kilijitokeza kwenye kioo, kikaonekana na kila apitaye. Mwanzoni mita ziliwekwa upande mmoja tu wa mtaa, lakini wenye maduka wa ng'ambo, walipoona jinsi nafasi za wenzao zinavyopokezana wateja, waliomba nao wawekewe.

Ikumbukwe basi kwamba senti 5 ilidaiwa ili gari liondoke, wala si kwa ajili ya kujaza hazina ya mji. Tofauti hii ilikuwa na uzito mahakamani, ambako wapinzani walidai kwamba kutoza mtu kwa kusimama kwenye barabara ya umma ni kodi isiyo na msingi wa sheria. Mwaka 1937 mahakama ya Oklahoma iliikubali mita kama njia halali ya kuratibu matumizi ya barabara, ilhali ile ya Alabama, mwaka huohuo, iliikataa.

London ilipata mita zake mwaka 1958, katika eneo la Mayfair, na mwaka 1960 wakaajiriwa walinzi maalumu wa kuzikagua ili kuwapunguzia polisi mzigo. Mwaka 1983 jiji hilo lilianza pia kufunga magurudumu ya wakosaji kwa kifaa cha chuma ambacho Dar es Salaam hukiita mnyororo. Kifaa cha namna hiyo kilibuniwa na Frank Marugg wa Denver, na polisi wa mji huo walianza kukitumia mwaka 1955. Mnyororo humwadhibu dereva barabara, lakini unakwenda kinyume cha kanuni iliyouzaa, kwa kuwa gari lililofungwa kwa kosa la kuziba njia hubaki palepale likiiziba, hadi mwenyewe alipe faini na aliyelifunga arudi na ufunguo.