Kichangamsho, si Mapumziko ya Ubongo

Mwongozo wa walimu uliopita mikononi mwangu hivi karibuni unawataka walimu wa shule za msingi wawape wanafunzi "mapumziko ya ubongo" katikati ya kila kipindi. Nimeyasoma maneno hayo kwa uchungu. Jambo linaloelekezwa humo ni jema na kila mwalimu analijua: ile michezo ya dakika mbili tatu ambapo watoto wanasimama, wanapiga makofi, wanajinyoosha, wanazungusha mikono, kisha somo linaendelea. Siandiki kulieleza jambo hilo. Naandika kulitetea jina lake, kwa sababu jina lililopitishwa linasema kinyume cha jambo lenyewe, na waliolipitisha walikuwa na jina bora mezani wakaliweka kando bila kutoa sababu.

Kosa lilivyotokea si fumbo. Waingereza na Wamarekani wanaliita jambo hili kwa maneno mawili, la kwanza likiwa ubongo, la pili likiwa lile neno lao lenye maana ya kuvunja, kukatiza na kupumzika kidogo. Mtafsiri amefungua kamusi, akachukua neno la kwanza akaweka mwenzake, akachukua la pili akaweka mwenzake, akaunga kwa "ya", akafunga kamusi. Hakuuliza darasani kunafanyika nini. Angeuliza, angeona kwamba hakuna anayepumzika. Mtoto aliyekuwa ameegemea dawati sasa yuko wima, mikono juu, anasikiliza kwa makini asije akakosea zamu yake.

Na ubongo ndio haupumziki kabisa. Kiungo hiki ambacho ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili wa mtu mzima hutumia takriban asilimia 20 ya nishati yake, na matumizi hayo hayasimami hata mtu akiwa amelala fofofo. Kinachochoka darasani ni usikivu, pamoja na mgongo na miguu ya mtoto aliyebanwa kwenye dawati moja na wenzake wawili. Kumwambia mwalimu aupumzishe ubongo ni kumpa kazi isiyofanyika.

Lakini hoja yangu kubwa ni ya lugha, na iko kwenye neno pumzika. Pumua, pumzi na pumzika ni ndugu wa tumbo moja. Wazee walitamka pumuzika, irabu ikamezwa njiani kama zinavyomezwa nyingine nyingi. Kiini chake ni kurudisha pumzi: mtu ametua mzigo wa kuni kando ya njia, anahema, pumzi inarudi, anajitwika tena na kuendelea. Kama neno lingebaki hapo, ningeweza kulivumilia. Halikubaki hapo. Leo mgonjwa anaandikiwa mapumziko, mtumishi anakwenda mapumzikoni, na marehemu tunasema amepumzika. Katika matumizi yote matatu shughuli imekoma. Shuleni neno limejifunga zaidi: mapumziko ni kengele ya saa nne. Ni uji, ni uwanja, ni mpira wa makaratasi, ni foleni ya chooni. Mtoto wa darasa la kwanza hujua maana hiyo kabla hajajua kuandika jina lake.

Nimeona kwa macho yangu kinachotokea mwongozo ukifuatwa neno kwa neno. Ilikuwa katika shule moja ya kata ya Mbebe, wilayani Ileje, huku kwetu Songwe. Darasa la tatu, somo la Hisabati, mwalimu kijana mwenye bidii na mwongozo wake mezani. Alipoona vichwa vimeanza kuinama akasema kwa sauti ya upole, "Haya watoto, sasa tupate mapumziko ya ubongo." Watoto walisikia neno mapumziko tu. Dawati la karibu na mlango likawa tupu kabla hajamaliza kusema, la pili likafuata, na wale wa nyuma wakaanza kurukia mabenchi. Mwalimu alikimbilia mlangoni akawazuia kwa mikono miwili. Dakika zilizokusudiwa kwa mchezo ziliishia kwenye kukusanya watoto uani na kuwaeleza kwamba haya si mapumziko yale. Kwa nini mwalimu abebeshwe istilahi ambayo kazi yake ya kwanza ni kuikanusha?

Katika chumba cha jirani alikuwamo mwalimu mwenye miaka mingi kazini. Ukuta kati ya vyumba haukufika darini, kwa hiyo nilimsikia vizuri. Wanafunzi wake nao walikuwa wamepoa. Hakutaja ubongo wala mapumziko. Alipiga kofi moja akasema, "Changamkeni!" Nikasikia madawati yakikwaruza sakafu, darasa zima limesimama. Wakahesabu kwa zamu kutoka moja, na kila namba inayogawanyika kwa tatu haikutajwa, ilipigiwa kofi: moja, mbili, kofi, nne, tano, kofi. Aliyeitamka kwa mdomo aliketi. Walipofika thelathini na kitu wakacheka wote kwa sababu mmoja alipiga kofi na kutamka kwa pamoja. Kisha wakaketi na somo likaendelea. Baadaye nilimwuliza mwalimu huyo mchezo ule anauitaje. "Mwalimu, mimi siuiti kitu," akanijibu. "Nikiona wamelala nawaambia wachangamke." Kitenzi alikuwa nacho. Kilichokosekana ni nomino tu, na kutoa nomino kwenye kitenzi ni kazi ambayo sarufi yetu imekuwa ikiifanya tangu zamani bila kuitishiwa kikao.

Nomino hiyo ni kichangamsho, wingi vichangamsho.

Tazama inavyojengeka. Kiswahili kina kundi la vitenzi ambavyo k ya mwisho hugeuka sh mtu anaposababisha hali: chemka, chemsha, amka, amsha, changamka, changamsha. Ukiwa na kitenzi cha kusababisha, ukitia ki- mbele na -o nyuma, unapata kitu au tendo linaloleta hali hiyo. Kinachochekesha ni kichekesho. Kinachoburudisha ni kiburudisho. Kinachomtambulisha mtu ni kitambulisho. Kinachotuliza ni kitulizo, kinachochochea ni kichocheo. Hakuna hata kimoja katika hivi ambacho mtoto wa Kindali au Kilambya, anayekutana na Kiswahili kwa upana wake shuleni, atahitaji kuelezwa mara mbili. Akijua changamka, amekwisha kujua kichangamsho.

Na changamka yenyewe ni neno pana lenye afya. Mtoto aliyekuwa na homa akapata nafuu, mama yake husema leo amechangamka. Mkutano uliopooza huchangamka akisimama msemaji mzuri. Soko huchangamka siku ya gulio. Tunduma tunaiita mji uliochangamka, kwa malori yake yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, wabadilisha fedha wake, na biashara isiyojua usiku. Katika yote hayo kuna jambo moja: uhai uliokuwapo umerudi juu na unaonekana. Ndicho hasa mwalimu anachokitafuta kipindi kinapofika katikati. Akili za watoto zipo. Zimezama tu.

Najua yapo majina mengine yaliyopendekezwa, na sitaki nionekane nimeyapita kimya. Msomi mmoja, ambaye ninamheshimu kwa kazi zake nyingine, anashikilia kichangamshi. Tofauti ni irabu moja, lakini irabu hiyo ina uzito. Wanasarufi wetu waliichukua ki- pamoja na -i wakaitumia kwa aina za maneno: kivumishi, kiwakilishi, kiunganishi, kihusishi, kihisishi. Mwanafunzi anayefundishwa orodha hiyo akisikia kichangamshi ataitafutia nafasi kwenye sentensi. Isitoshe, -i humpa mtendaji, na hapa mtendaji ni mwalimu. Mchezo ni njia tu. Nimemweleza mwenzangu hoja hii kwa maandishi. Jibu lake lilizungumzia mambo mengine.

Wengine wanataka chemshabongo. Neno hilo lina mwenyewe tayari: ni fumbo, ni swali la kuumiza kichwa, na redio na magazeti yamelitumia hivyo kwa miongo. Kulinyang'anya maana yake ili kulipa nyingine ni kuharibu maneno mawili kwa pigo moja. Wengine wanasema kiamshabongo. Hilo nalo linagongana na kiamshakinywa cha Wakenya, na tena unaanza ubishi usiokwisha wa kuunganisha au kutenganisha. Kiburudisho ni neno zuri, lakini kwenye mikutano yetu limekwisha kuwa soda au wimbo wa kwaya kati ya hotuba na hotuba. Kuhusu "kivunja uchovu", ambacho nimekiona kikichapishwa, sina la kuongeza zaidi ya kusikitika.

Pendekezo moja tu lilinigusa kweli, nalo ni la kuazima mchakamchaka. Hapa nitasimama kidogo, maana hili ni neno ninalolipenda kuliko karibu yote yaliyozaliwa katika shule za Tanzania. Lisikilize: ni sauti ya miguu mingi ikikanyaga pamoja. Lina undugu na mchakacho, ile sauti ya nyayo juu ya majani makavu, na chakacha, ambayo ni kutoa sauti hiyohiyo na pia ngoma ya wanawake wa pwani ya Kenya. Vizazi vya wanafunzi, hasa miaka iliyofuata tangazo la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, vimeanza siku yao kwa kukimbia mistari miwili kabla ya jua kupanda, kiranja mbele akiimbisha na wengine wakiitikia. Katika milima ya Ileje, ambako asubuhi ya Juni na Julai baridi hukata vidole, mchakamchaka ndio ulioingiza joto mwilini kabla ya kugusa kalamu. Walimu wa siku zile walikwisha kujua kwamba mwili ukichangamka akili hufuata, na hawakuhitaji mwongozo wa kutafsiriwa. Lakini mchakamchaka ni wa nje, ni wa asubuhi, ni wa shule nzima, na ni wa kukimbia. Kuubana ndani ya chumba chenye watoto themanini ni kuutoa uhai wake. Tuuache mahali pake, ila tujifunze kwake: neno lilitoka miguuni mwa waliolitumia, na halijapata mpinzani.

Historia ya istilahi zetu imejaa ushahidi wa upande huo. Tangu Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, maelfu ya maneno yamepangwa kwenye orodha. Yaliyoishi ni yale yaliyoegemea kitu ambacho watu walikwisha kukisema. Ngamizi ilipendekezwa kwa kompyuta, na kuna wasomi walioitetea kwa nguvu. Leo wengi wanasema kompyuta. Kinyume chake barua pepe iliingia bila kelele kwa kuwa barua tulikuwa nayo na upepo tulikuwa nao. Silaumu vyombo hivyo, ambavyo vimeijenga lugha hii. Ninalalamikia vikao vidogo vinavyokaa siku mbili, vikiwa na rasimu ya Kiingereza mkono wa kushoto, na kutoka na istilahi ambazo walimu nchi nzima watalazimika kuzitamka.

Nilipeleka kichangamsho kwenye kikao cha namna hiyo, pamoja na kurasa za maelezo. Rasimu iliporudi, neno langu lilikuwa limefutwa kwa mstari na juu yake pameandikwa mapumziko ya ubongo, bila hoja yoyote pembeni. Sikuudhika kwa sababu ya kukataliwa. Mtu wa istilahi hukataliwa kila siku. Niliudhika kwa sababu kukataa pasipo hoja ni kumnyima mwalimu haki ya kujua kwa nini anaagizwa aseme hivi asiseme vile.

Na jambo lenyewe si dogo. Mwaka 2016 elimu bila ada ilianza kutekelezwa na madarasa yakafurika nchi nzima. Kipindi cha dakika 40 katika chumba kilichojaa ni kirefu kwa mtoto wa miaka tisa. Mwalimu asiye na projekta wala vifaa ana sauti yake, makofi na nafasi ndogo kati ya madawati. Vichangamsho ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo shule ya Mbebe inaweza kuwa navyo sawasawa na shule ya Dar es Salaam, bila gharama.

Matumizi yake ni mepesi. Neno liko katika ngeli ya ki-/vi-: kichangamsho kimeisha, vichangamsho vimewasaidia. Mwalimu hutoa kichangamsho, na darasa hupewa kichangamsho. Kisizidi dakika tatu, kifanyike watoto wakiwa penye madawati yao, na kiwe na mwisho unaojulikana ili kurudi kwenye somo kusiwe vita: kuhesabu kwa makofi, simama-kaa, "mwalimu anasema", kujinyoosha hadi vidoleni na kushuka. Kwenye andalio la somo hakihitaji safu mpya. Katikati ya hatua za ufundishaji, mwalimu aandike tu: Kichangamsho, dakika 3.