Machozi au theluji?

Jumamosi, Februari 26, 1972, mjini Manchester, jimbo la New Hampshire, Marekani. Theluji inaanguka. Seneta Edmund Muskie, ambaye wengi wanaamini ndiye atakayepambana na Rais Nixon kwa tiketi ya Democratic, amepanda juu ya lori mbele ya ofisi za gazeti la Union Leader. Anamshutumu mwenye gazeti, William Loeb, kwa kumchafua yeye na mkewe. Akifika kwenye habari za mke, sauti inamkatika.

Je, alilia? David Broder wa Washington Post, mwandishi wa siasa aliyeheshimika kuliko karibu wote, aliandika kuwa machozi yalimtiririka. Watu wa Muskie wakasema ni theluji iliyoyeyuka usoni. Wabishi wangali wanabishana.

Mimi swali langu ni jingine: tangu lini uso wa mgombea ukawa habari ya ukurasa wa kwanza?

Wa kulaumiwa, au kusifiwa, ni Theodore White. Mwaka 1961 alitoa kitabu kuhusu ushindi wa Kennedy, akiusimulia uchaguzi kama riwaya: vyumba vya hoteli, uchovu, usiku wa kusubiri matokeo. Mwaka 1962 kikampa tuzo ya Pulitzer. Kuanzia hapo wahariri hawakuridhika tena na hotuba na ukubwa wa umati, walitaka ya chumbani. Kwa hiyo waandishi waliofika Manchester walishajua kuwa Muskie ana hasira za karibu. Walikuwa wanasubiri zionekane hadharani.

Mwaka huohuo kijana wa jarida la Rolling Stone, Timothy Crouse, alifanya jambo ambalo nalionea wivu mpaka leo. Badala ya kuwafuata wagombea, aliwafuata waandishi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1973. Kuna mahali anasimulia mdahalo wa Humphrey na McGovern kule California. Ulipokwisha, waandishi walimgeukia Walter Mears wa shirika la habari la AP kumuuliza habari inaanzia wapi. Jamani, watu wazima wenye majina yao!

Lakini msiwacheke haraka. Habari ya AP ndiyo iliyotangulia kufika kwenye meza za wahariri, na ukiandika tofauti unapigiwa simu ujieleze. Simu hiyo naijua. Niliwahi kuripoti mkutano wa kampeni huku kwetu, nikaanza na swali la mama mmoja ambalo mgombea alilikwepa. Kabla sijala chakula cha usiku mhariri akapiga: mbona wenzako wote wameanza na ahadi ya barabara? Nikabadilisha. Yule mama hakutokea hata kwenye aya ya mwisho.

Turudi Manchester, maana kulikuwa na barua. Siku mbili kabla ya lile lori, Union Leader lilichapa barua iliyodai kuwa Muskie alichekelea neno la kuwadharau Wamarekani wenye asili ya Kanada ya Kifaransa, ambao ni wengi New Hampshire. Barua hiyo ilikuwa ya kughushi. Oktoba 10, 1972, Bob Woodward na Carl Bernstein waliihusisha na ofisa wa Ikulu ya Nixon (mwenyewe alikana), wakaitaja kama sehemu ya hujuma kubwa dhidi ya wapinzani. Nao walikuwa wa Washington Post hiyohiyo ya Broder, ila hawakuwa kwenye basi la kampeni. Walikuwa vijana wa dawati la habari za mji.

Muskie alishinda kura za awali za New Hampshire, asilimia 46 kwa 37 za McGovern. Ikaandikwa kama vile ameshindwa, kwa sababu alitarajiwa kupata zaidi. Kufikia mwisho wa Aprili alikuwa amesimamisha kampeni.

Mwaka 1987 Broder aliandika makala akikiri kuwa habari ile bado inamsumbua. Aliutazama uso wa Muskie kwa makini. Barua iliyochangia kumpandisha kwenye lile lori, hakuuliza imetoka kwa nani.