Rauta Mbili, Extension Moja? Bado Uko na Moja: Vile ya Kupanga Mtandao wa Cyber Usikuzimie

Piga picha. Ni 30 Juni, saa tatu usiku, cyber imejaa wasee wanafaili ritani za KRA dakika za mwisho. Ghafla taa ya rauta inageuka nyekundu. Dakika tano baadaye wateja wako wote wako kwa jirani.

Hiyo ngori inazuilika. Iko hivi.

Anza na karatasi

Chora njia ya data: kompyuta, swichi, rauta, laini ya kutoka nje, stima. Kila ukifika mahali jiulize, hiki kikizima sai, nani anaachwa kwa mataa? Jibu likiwa "wote", hapo ndio unaweka cha pili.

Swichi

Uko na mashine 20? Weka 10 kwa swichi moja, 10 kwa nyingine. Rauta ya kwanza iingie swichi ya kwanza, ya pili iingie ya pili, halafu unganisha swichi zenyewe kwa nyaya mbili.

Lakini chunga. Nyaya mbili bila STP ni balaa: data inazunguka na kujizidisha mpaka kila kitu kinakwama. STP, kazi ya Radia Perlman ya mwaka 1985, inafunga waya mmoja na kuufungua tu wa kwanza ukikatika. Ile ya zamani huchukua sekunde 30 hadi 50. RSTP, ya 2001, huchukua sekunde chache. Swichi nyingi za bei ya chini hazina hii kitu, so uliza kabla utoe doh.

Rauta

Kompyuta hujua mlango mmoja tu wa kutokea. Ukileta rauta ya pili hivi hivi, mashine zitaendelea kubisha kwa ile imekufa. Dawa ni VRRP: rauta mbili zinashare anwani moja ya IP. Mkubwa anatuma salamu kila sekunde. Akinyamaza kama sekunde tatu hivi, mdogo anashika usukani.

Mtego uko hapa: laini inaweza kufa na rauta iko mzima, bado inasalimia. Iseti ifuatilie laini yake, ikipotea iachilie kiti.

Laini

Hata wakubwa hunaswa hapa. Tarehe 12 Mei 2024, kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya ikaanza kutambaa. Zilikuwa mbili, lakini zilipita upande mmoja.

Kwa mtaa ni vile vile. Faiba za kampuni mbili zikipita kwa nguzo moja, lori likigonga hiyo nguzo umeisha. Afadhali faiba moja na modemu ya 4G ya laini ya simu. Itakuwa slow, lakini ritani zitaenda.

Stima

Usichomeke rauta zote kwa extension moja. Kila moja na UPS yake, swichi yake ikiwa hapo pia.

Sasa jaribu

Asubuhi kabla wateja waingie, chomoa waya mmoja baada ya mwingine uone nini inazima. Heri uaibike ukiwa peke yako na ufunguo wa duka mkononi, kuliko 30 Juni usiku.