Mkate wa Unga na Maji: Historia ya Matsa ya Pasaka

Kila mwaka, jioni ya Alhamisi Kuu, somo la kwanza hutuondoa parokiani na kutupeleka Misri. Tunasikia habari za mwanakondoo, za damu juu ya miimo ya milango, za viatu miguuni na fimbo mkononi. Katikati ya mambo hayo makubwa limo jambo dogo ambalo sikio hulipita upesi: nyama iliwe pamoja na mkate usiotiwa chachu. Wanakondoo wa Pasaka hawachinjwi tena Yerusalemu, kwa kuwa Hekalu lilibomolewa na Waroma mwaka 70. Mkate ule umebaki. Wayahudi huuita matsa, na hawajaacha kuuoka hata leo. Historia yake yafaa kusomwa kwa utulivu, maana ndani yake mna maskini, mna uongo uliomwaga damu, na mna ugomvi juu ya mashine ambao hata sisi tungeuelewa bila kufafanuliwa.

Matsa ya usiku wa Pasaka ni unga na maji, basi. Haina chumvi, haina mafuta, haina sukari. Hostia yetu ya Kilatini nayo ni unga wa ngano na maji tu, na undugu huo si wa bahati. Lakini si kila unga unafaa. Marabi wa kale walihesabu nafaka tano, ngano na shayiri zikiwa za kwanza, wakasema kwamba hizo peke yake ndizo zinazochacha kweli zikiguswa na maji. Mchele, walisema, ukilowa huoza tu. Kutokana na hilo walifikia hukumu ya kushangaza: kitu kisichoweza kuchacha hakiwezi kuwa matsa. Kwa kipimo hicho bukari ya mahindi au fufu ya muhogo, ingawa haina chachu hata chembe, haiwezi kuwa mkate wa Pasaka. Mkate wa Pasaka sharti uwe ule uliokuwa katika hatari ya kuumuka, ukazuiwa.

Kuzuia huko ndiko kazi yote ya mwokaji. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi, inapima muda wa hatari kwa miguu ya msafiri: mwendo wa kutoka Migdal Nunia hadi Tiberia, kando ya ziwa la Galilaya. Wengi huutambua mji huo wa Migdal kuwa ndio Magdala, kwao Maria Magdalena. Katika karne ya 16 Yosefu Karo, aliyeandika mkusanyo wa sheria unaofuatwa mpaka leo, aliuweka mwendo huo kuwa dakika 18. Unga uliokandwa ukiachwa umelala kwa dakika hizo, umeharibika kwa Pasaka. Maadamu mikono inaukanda, hauchachi. Ukiachwa peke yake, unaanza kufanya kazi yake ya siri.

Kwa hiyo katika nyumba ya kuokea matsa kwa mkono hakuna anayesimama bure. Unga huwekwa upande mmoja na maji upande mwingine, ili visikutane kabla ya saa yake. Vikishakutana, mmoja anakanda kwa nguvu, donge linakatwa vipande, na kila mtu mezani anasukuma kipande chake kama asukumaye chapati, mpaka kiwe chembamba kama ngozi ya ngoma. Kisha hupitishwa gurudumu lenye meno, ambalo hutoboa matundu ili hewa isivimbe ndani. Mti mrefu huubeba mkate mpaka tanuruni, ambamo moto ni mkali kiasi kwamba mkate huiva kufumba na kufumbua. Zamu ikiisha, vijiti vya kusukumia husuguliwa au kubadilishwa, meza hufunikwa upya, mikono huoshwa, wasibakize hata ukombo wa donge la zamani. Ndipo huanza tena.

Hata maji yana sheria yake. Huchotwa jioni na kulala usiku kucha mahali pa baridi, kwa sababu maji ya vuguvugu huharakisha kuchacha. Talmudi inasimulia juu ya hilo kisa kinachochekesha. Rabi Matana wa Babilonia alihubiri katika mji wa Papunia kwamba matsa ikandwe kwa «mayim shelanu» tu. Maneno hayo katika Kiebrania yana maana mbili: maji yaliyolala, au maji yetu. Kesho yake watu wote wakaja mlangoni pake na vyombo, wakimwomba awape maji yake. Mwalimu mwema! Ilimbidi aeleze upya, safari hii kwa lugha ambayo watu wale walikuwa wakiizungumza nyumbani.

Mkate huo, ambao watu walichunga hata usingizi wa maji yake, ndio ulioshtakiwa kuwa umetiwa damu. Jambo hili twapaswa kulisema bila kuzungukazunguka, kwa maana waliolisema walikuwa Wakristo. Mwaka 1235, katika mji wa Fulda nchini Ujerumani, Wayahudi zaidi ya 30 waliuawa kwa kusingiziwa kwamba wamechukua damu ya watoto. Kaizari Federiko II aliwaita wasomi waliotoka katika dini ya Kiyahudi na kubatizwa, akawauliza ukweli. Hao, ambao hawakuwa na sababu ya kuwatetea Wayahudi, wakajibu kwamba Sheria ya Musa inakataza kula hata damu ya mnyama. Mwaka 1236 Kaizari akatangaza kwamba mashtaka ni ya uongo. Mwaka 1247 Papa Inosenti IV naye aliandika kuyalaani. Uongo haukufa kwa hayo. Mwaka 1475, mjini Trento nchini Italia, mtoto mmoja aitwaye Simoni alikutwa amekufa karibu na Pasaka. Wayahudi wa mji wakakamatwa, wakateswa mpaka wakasema yale waliyotakiwa kuyasema, hata juu ya matsa. Wengi wakauawa, na mtoto yule akaheshimiwa kama mfiadini. Heshima hiyo iliondolewa na Kanisa mwaka 1965, mwaka uleule ambao Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko lake Nostra Aetate. Karne tano karibu nzima!

Hofu hiyo iliingia hata katika karamu yenyewe. Desturi ilikuwa kunywa divai nyekundu usiku wa Pasaka. Katika karne ya 17 Rabi David Halevi Segal wa Poland aliandika kwamba watu wa nchi zake wameacha kutumia nyekundu kwa sababu ya masingizio hayo. Fikirini familia inayokumbuka ukombozi wake huku ikichagua rangi ya kinywaji kwa kuwaogopa majirani.

Turudi kwenye meza ya kuokea, maana hapo ndipo maskini wanapoonekana. Kumbukumbu la Torati huuita mkate huu mkate wa taabu, na marabi walilichukulia jina hilo kwa uzito. Usiku wa Pasaka matsa moja huvunjwa kabla ya kuliwa, kwa hoja kwamba maskini hana desturi ya kula mkate mzima, hula kipande. Mwanzoni mwa karamu wenye njaa hualikwa kwa sauti. Nako mijini, majuma kabla ya sikukuu, jumuiya ilikusanya fedha zilizoitwa fedha za ngano, ili asiwepo wa kukosa matsa. Sheria ilikuwa kwamba mtu hutoa au hupokea. Kukaa pembeni na kutazama hakukuwa njia ya tatu.

Katika Ulaya ya mashariki wasukumaji na wakandaji walikuwa wanawake maskini, wajane wengi miongoni mwao, waliopata katika majuma hayo machache fedha za kufanyia Pasaka yao wenyewe. Husimuliwa juu ya Rabi Israel Salanter, mwalimu wa maadili wa Lithuania aliyefariki mwaka 1883, kwamba wanafunzi wake walikwenda kusimamia uokaji, wakamwuliza wachunge nini zaidi. Walitegemea jibu juu ya maji au dakika. Akawaambia wachunge wasimkaripie mwanamke anayekanda, kwa sababu ni mjane.

Basi, mwaka 1838, katika Alsace nchini Ufaransa, Myahudi mmoja aitwaye Isaac Singer alitengeneza mashine ya kusukuma unga wa matsa. Ilipita Ujerumani, ikaelekea mashariki, na mwaka 1859 ikawasha moto. Katika mji wa Brody, ambao leo umo nchini Ukraine, Rabi Shlomo Kluger alitoa kijitabu cha kuipinga. Alikuwa na hoja za sheria: matsa sharti itengenezwe kwa nia ya kutimiza amri ya Mungu, na chuma hakina nia, tena vipande vya unga hunasa katika meno ya mashine, vikachacha humo bila kuonekana. Pamoja na hizo aliweka hoja ya wale wanawake. Mashine ikiingia, wao watatoka, nao walikuwa wakiitegemea kazi hiyo ili wapate kitu cha kuweka mezani sikukuu ikifika.

Mwaka huohuo Rabi Yosef Shaul Nathanson wa Lviv, mji usio mbali na Brody, alimjibu kwa kijitabu chake. Alisema mashine ni ya haraka na safi, na mtu aliye karibu nayo anaweza kuwa na nia iliyo sawa. Kuhusu maskini, alikumbusha habari ya wachapaji: ikiwa kila chombo kinachopunguza kazi ya mikono kingekatazwa, vitabu visingechapwa, kwa kuwa wanakili walikula kwa kalamu zao. Hoja hiyo ni nzito, wala mimi siwezi kuipuuza. Bila wachapaji, Biblia tunazosoma katika shirika zetu zingekuwa mali ya matajiri. Hata hivyo Kluger aliona kitu ambacho mwenzake alikipita kwa haraka mno. Mchapaji hakuchapa kitabu kinachoitwa kitabu cha maskini. Mkate unaoitwa wa taabu, ukiwaondolea wenye taabu chakula chao, unabaki ukikumbusha nini?

Ugomvi huo haukumalizwa na hukumu yoyote, ulimalizwa na soko. Mwaka 1888 Behr Manischewitz, mhamiaji kutoka Lithuania, alifungua kiwanda cha matsa mjini Cincinnati, Marekani. Matsa ya mikono ilikuwa ya duara. Ya mashine ikawa ya mraba, kwa sababu mraba hauachi pembe za kukandwa upya na kuchelewa, tena hupangika vizuri sandukuni. Leo Wayahudi wengi hula ya mraba. Wafuasi wengi wa Uhasidi hushika ya duara, inayosukumwa kwa mkono, kwa ngano iliyochungwa na maji tangu kuvunwa. Nayo bei yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kiwanda. Hivyo mkate wa maskini wa zamani umekuwa ghali, na ule uliodhaniwa utawanyima maskini ndio unaowafikia kwa urahisi.

Viwanda vilibadili na jikoni pia. Matsa ikisagwa hurudi kuwa unga, lakini unga usioweza kuchacha tena, na siku zote za sikukuu hupikiwa mengi: madonge yenye mayai na mafuta katika supu ya kuku, au vipande vilivyoloweshwa na kukaangwa na mayai kuwa kifunguakinywa. Wahasidi hawakubali. Wao huiweka matsa mbali na maji, wakihofia kwamba huenda umebaki ndani unga mkavu ambao haukuguswa na moto.

Wayahudi waliokaa kwetu hawakuwa na hofu hiyo. Tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 familia nyingi za Kiyahudi zilitoka kisiwa cha Rhodes zikaja Katanga kufanya biashara, wakizungumza nyumbani Kihispania cha kale ambacho mababu zao waliondoka nacho Hispania mwaka 1492. Walijenga sinagogi Elisabethville, ambayo ni Lubumbashi ya leo, na kuanzia mwaka 1937 waliongozwa na Rabi Moïse Lévy. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakamata Wayahudi waliobaki Rhodes, zaidi ya 1,600, wakawapeleka Auschwitz. Wachache sana walirudi. Hivyo desturi za kisiwa kile ziliendelea kuishi mbali na kisiwa, na sehemu yake iliishi Katanga.

Chakula chao cha Pasaka huitwa mina. Mpishi huloweka matsa katika maji mpaka zilegee, akazikamua taratibu zisichanike. Hutandika moja chini ya sufuria pana, hujaza nyama ya kusaga iliyokaangwa na vitunguu, hufunika kwa nyingine, kisha humwagia mayai yaliyopigwa na kuoka mpaka juu pawe rangi ya dhahabu. Hukatwa vipande vya mraba na kuliwa ya moto, au ya baridi kesho yake, maana huwa imebaki.