Kijana Aliyemtafuta Baba, na Kijana Aliyemwuza

Katika utenzi wa Homer wa Wayunani wa kale, Telemachus alisafiri hadi Pylos na Sparta akiulizia habari za babaye, Odysseus. Safari hiyo ikamkomaza. Pwani yetu ina kisa kichungu zaidi. Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, wasimulia kijana aliyeahidiwa uwaziri na binti wa Sultani wa Pate. Vijana wetu wa Tunduma, waahidiwao mengi hapa mpakani, wangemtambua huyu upesi kuliko Telemachus. Alimchoma babaye usingizini, kitovuni, kwa sindano ya shaba. Liyongo akaamka, akatwaa upinde, akafa amepiga goti karibu na kisima. Watu wakaogopa kuteka maji. Kijana hakupewa binti wala uwaziri.